Pengo la Saa Tisa

Ofisini walimwita Mama Tahadhari, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika kile kijitabu cha kurasa kumi na mbili ambacho kila mwandika programu mpya alikabidhiwa siku ya kwanza kazini, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Kilijaa maagizo ya mtu aliyewahi kuumia. Dirisha la amri la mashine ya mbali lipakwe rangi nyekundu, lisije likafanana na la mashine iliyo chini ya meza yako. Kabla hujagusa mtandao wa mashine usiyoweza kuifikia kwa miguu, tega kwanza amri itakayourudisha kama ulivyokuwa baada ya dakika kumi, ili ukijifungia nje mlango ujifungue wenyewe. Iulize mashine jina lake kila mara, usijitie kukumbuka. Wenzake walikisoma, wakamtania, kisha wakakifuata.

Sasa basi, Jumanne moja, saa nane na dakika kumi na nane mchana, Mama Tahadhari huyohuyo aliandika amri ya kuzima kadi ya mtandao, akabonyeza Enta, akasubiri taa ndogo ya kijani izimike kwenye mashine ya majaribio iliyokuwa chini ya meza yake. Taa haikuzimika. Ikaendelea kumkonyeza.

Akainama kuichungulia, akainuka, akatazama skrini. Madirisha mawili yalikaa ubavu kwa ubavu, yote meusi, yote yenye maandishi meupe. Kompyuta yake ilikuwa mpya, kaipokea jana yake tu, na ile rangi nyekundu aliipangia kesho. Akabonyeza herufi kwenye dirisha la kushoto. Haikutokea. Akabonyeza nyingine, na nyingine. Dirisha lilikuwa limeganda, na halikuwa la mashine ya chini ya meza hata kidogo. Lilikuwa la kompyuta ya kituo cha hali ya hewa, juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini.

Jirani yake wa meza, aliyeitwa Kebo kwa kuwa hakuonekana bila waya shingoni, aligeuza kiti. "Umeizima ya kilimani? Si umetega ile ya dakika kumi?"

"Ningetega ya nini? Nilijua niko chini ya meza."

Kebo alitaka kucheka, akamtazama usoni, akakimeza kicheko chake.

Mashine nyingine ikipotea mtandaoni, watu huenda kunywa chai na kupanga safari ya kesho. Hii haikuwa ya kungoja kesho. Vipimo vya joto, upepo na mvua vilivyosimikwa uani mwa kituo vilizungumza na kompyuta kwa mtandao uleule alioukata. Kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kompyuta iliviuliza, ikaandika majibu. Saa tisa ilibakiza dakika arobaini. Ikifika kabla mtandao haujarudi, hakuna kipimo, na rekodi ya kituo hicho, ambayo watu wote walisema haijawahi kukosa hata siku moja kwa miaka thelathini na moja, ingekatikia mikononi mwake. Na aliyeitunza rekodi hiyo miaka yote thelathini na moja, jua liwake mvua inyeshe, alikuwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Ripoti iliyosema mashine inatosha, kwamba hahitajiki tena mtu wa kupanda kilima na daftari, aliiandika mkamwana huyuhuyu. Hakuiandika kwa ubaya. Magoti ya mzee yalikuwa yamechoka na kila mtu aliyaona. Siku ya kumuaga alimletea zawadi ndani ya fremu: mchoro wa joto la saa tisa tangu siku yake ya kwanza kazini, mstari mmoja uliopanda na kushuka toka ukingo hadi ukingo bila kukatika, na chini yake maneno "Miaka 31 bila pengo." Watu walipiga makofi. Mzee alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole juu ya kioo. Karibu na mwanzo kidole kilisimama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Umefanya kazi." Akauliza jambo moja tu: "Haitakosa?" Naye akamjibu mbele ya watu wote, "Haitakosa, baba."

Hicho ndicho kilichokuwa kinamtoa kijasho chembamba sasa. Mkuu wa idara angefoka, basi, yangekwisha. Lakini neno alilompa yule mzee angelirudisha vipi?

Akachukua simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini? Wewe si mtu wa kunipigia mchana."

Hakuzunguka. "Nimekosea, baba. Nimeikatia mtandao mashine ya kituo, kwa mkono wangu mwenyewe."

"Imekufa?"

"Haijafa. Imeziba masikio tu. Haivisikii vipimo, na mimi hainisikii."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Nane na dakika ishirini na tatu."

"Na tano," mzee alimsahihisha. Mtaani kwake alijulikana kwa jina la Saa Tisa, na walikuwepo waliokuwa wakirekebisha saa zao akipita.

"Naogopa mlinzi hataweza kunisaidia, baba. Hata kuiwasha skrini hajui."

"Mlinzi haingii mpaka jioni. Nina ufunguo."

"Baba, funguo zote ulirudisha. Ulisaini."

"Nilirudisha za kituo. Huu ni wangu."

Hilo wangeligombania siku nyingine. Nyumba ya mzee ilikuwa chini ya kilima hichohicho, naye alikataa simu ikatwe, akaitia mfukoni mwa shati ikiwa hewani. Mkamwana akabaki anasikiliza pumzi, viatu juu ya kokoto, pumzi tena. Njiani mtu fulani alipaza sauti, "Saa Tisa! Wamekurudisha kazini?"

"Dharura," mzee alijibu, na hakuongeza neno. Fahari iliyokuwa ndani ya neno lile moja mkamwana aliisikia huko ofisini, ghorofa ya tatu, na ikamuuma.

Saa nane na dakika arobaini na nne mlango wa kituo ulilia. Kebo, aliyekuwa amesogeza kiti karibu, alinong'ona, "Mwambie achomoe umeme, achomeke. Ikiamka itakuwa sawa." Mkamwana alitikisa kichwa. Diski ya mashine ile ilikuwa kuukuu; mara ya mwisho ilipozimwa ghafla ilichukua siku nzima kusimama. Ilibidi amri iandikwe pale pale, kwenye kibodi yake, na mtu ambaye maisha yake yote alitumia penseli.

"Inataka nenosiri," mzee alisema.

Mkamwana alifumba macho. Ukurasa wa nne wa kijitabu: nenosiri halitajwi kwenye simu, hata kwa mkuu wa idara. "Baba, hilo nita…"

"Usijisumbue. Nimeliona. Liko chini ya kibodi."

"Liko wapi?"

"Kwenye kibandiko. Ulipoliweka nilikuwa nyuma yako, nikaliandika. Kila kitu humu ndani kina kibandiko, mama. Hata kabati limeandikwa kabati."

Kebo aliinamisha uso mezani, mabega yakawa yanamtetemeka. Mkamwana naye alitaka kukasirika, lakini hasira ilikosa pa kukaa. "Haya, baba. Liandike."

Wakaanza. Alimtajia herufi moja moja, na mzee alizitafuta moja moja kwa kidole kimoja, akairudia kila aliyoipata kama mtu anayesomewa wosia. Wakamaliza neno la kwanza, la kuomba ruhusa. Wakaanza la pili, lenye herufi mbili tu. "Sasa nafasi," mkamwana alisema. "Kile kitufe kirefu cha chini." La tatu likachukua dakika nzima, kwa sababu herufi ya k ilikuwa imefutika kwenye kibodi na mzee hakukubali kubahatisha. La nne likapita upesi.

"Sasa jina la kadi ya mtandao: e, t, h, halafu sifuri. Pasipo nafasi katikati."

"Sifuri ya namba, au O ya herufi?"

"Ya namba, baba." Mwandika programu mzoefu asingeuliza, angeandika, akakosea, akaandika tena. Mkamwana alijikuta anamheshimu upya. "Sasa tumebakiza neno moja. Herufi mbili."

"Ngoja."

"Baba?"

"Saa tisa kasoro dakika mbili. Natoka nje."

"Baba, herufi mbili tu! Ukimaliza hizo, mashine itapima yenyewe!"

"Na nikikosea moja? Tutakuwa tumekosa huku na huku." Hakusema kwa ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini. Simu ililazwa mezani, kiti kikasukumwa, mlango ukalia, na baada ya hapo ukasikika upepo tu.

Mkamwana alikaa mikono mapajani. Hakuwa na dirisha la kubonyeza wala amri ya kutega. Saa ya ukutani ilifika tisa, ikapita. Tisa na dakika moja. Tisa na mbili. Ahadi ya mashine ilikuwa imevunjika, hilo halikuwa na mjadala tena. Kilichobaki ni kama mzee amewahi.

Mlango ukalia. "Nyuzi ishirini na mbili nukta tano," mzee alisema, akihema. "Wingu limefunika, manyunyu yameanza. Nimekisoma mara mbili kile kipimajoto cha zamani."

"Umeandika wapi, baba?"

"Daftarini."

"Daftari gani tena?"

"Langu," alisema, na kwa namna alivyolisema mkamwana alielewa kwamba ule ufunguo haukuwa wa ukumbusho. Mzee alikuwa akipanda kilima kila siku. Aliishi na saa tisa miaka thelathini na moja. Mwezi mmoja ungemwachishaje?

Wakamalizia herufi mbili. Mzee aliisoma amri nzima kwa sauti toka mwanzo, akabonyeza Enta.

"Haijasema kitu."

"Ikinyamaza ndiyo imekubali, baba."

Na kweli, dirisha la kushoto lilizinduka, zile herufi alizozibonyeza bure zikamwagika zote kwa mpigo. Kebo alimpiga kofi la bega. Mkamwana alivuta pumzi, kisha akafanya kile ambacho angefanya mtu yeyote wa kazi yake: akaitisha mistari ya mwisho ya faili la vipimo, alione pengo kwa macho yake, alijaze kwa kile kipimo cha mzee.

Pengo halikuwepo.

Kwenye mstari wa saa tisa ya siku hiyo palikaa namba, imetulia, haina hata wasiwasi: ishirini na saba nukta nne.

"Kuna namba hapa," alisema taratibu. "Mashine imeandika ishirini na saba nukta nne."

"Nani kaipima?" mzee aliuliza.

Swali lilikuwa fupi, na jibu lake alilijua kabla halijaisha. Programu ile aliiandika mwenyewe. Walipoviingiza vitabu vya zamani kwenye kompyuta, mchoro ulikuwa ukigoma popote palipokosekana namba, na mkuu wa idara alitaka kuuona siku hiyohiyo. Akaandika mistari minne: kipimo kikikosekana, chukua siku tatu zilizotangulia, weka wastani. Mchoro ukanyooka, naye akaisahau ile mistari minne. Ile safu ya pembeni ya vitabu, ambamo wapimaji huandika maelezo kwa mkono, waliiacha nje kabisa kwa kuwa haikuwa na namba.

"Hakuna aliyeipima, baba. Programu imekisia."

Mzee alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Nitafutie siku moja ya zamani. Mwaka wangu wa pili. Mwezi wa sita, tarehe kumi na nne, saa tisa."

Alianza kuandika amri ya kutafuta, na vidole vikasimama katikati ya tarehe. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Kila mwaka siku hiyo humnunulia mumewe shati.

Akamalizia kuandika. "Ishirini na tano nukta nane," alisoma.

"Siku hiyo sikupima," mzee alisema. "Saa nane walikuja kuniambia mama mkwe wako kapelekwa hospitali na hali si nzuri. Nikafunga mlango, nikaondoka mbio. Saa tisa ilinikuta kwenye benchi la korido. Kesho yake mkubwa wangu akaniambia, weka namba yoyote, nani atajua? Nikakataa. Nikapiga mstari, pembeni nikaandika sababu."

"Lakini wote wanasema hujawahi kukosa."

"Wanasema wao. Mimi umewahi kunisikia nikisema?"

Hakuwahi kumsikia. Alikumbuka kile kidole kilichosimama juu ya kioo, karibu na mwanzo wa mstari. "Uliliona siku ile. Kwenye fremu."

"Niliona limezibwa, ndiyo."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa umefurahi, mama. Watu wanapiga makofi. Ningeanzia wapi?"

Machozi yalimtoka, hakuyaficha, na Kebo kwa busara zake akaenda kutafuta waya usiohitajika. Lile kosa la dirisha lilimwaibisha, lakini aibu ya namna ile hupona. Hili la pili lilimchoma kwingine. Alimfutia mzee wa watu siku aliyoipenda kuliko zote, akaitia fremu, akampa mbele za watu, na mzee akasema ahsante. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Usilie. Rekebisha."

Akarekebisha. Alinakili faili lote kwanza, akaliweka pembeni. Akaifuta ile mistari minne, akaiendesha programu upya kutoka kitabu cha kwanza, kisha akatoa amri ya kulinganisha faili la zamani na jipya, imwonyeshe palipotofautiana tu. Miaka thelathini na moja, saa tatu na saa tisa ya kila siku. Aliogopa kuona mamia. Ikatoka mistari miwili: tarehe kumi na nne mwezi wa sita, na leo.

Picha za vitabu vya zamani zilikuwemo kwenye diski ya ofisi. Alifungua ukurasa, akaona mwandiko wa kijana mwenye haraka, wino umechuruzika kidogo, akaunakili neno kwa neno kwenye safu mpya ya maelezo: "Haikupimwa. Mpimaji alikuwa hospitali. Mtoto wa kiume, kilo tatu, mama mzima." Kwenye mstari wa leo aliandika ishirini na mbili nukta tano, na pembeni: "Mashine haikupima, mwandika programu aliizimia mtandao kwa kukosea dirisha. Kipimo kimesomwa kwa jicho na mpimaji mstaafu." Hakujitafutia maneno laini. Kabla hajaondoka alilipaka dirisha la kituo rangi nyekundu, akakiongezea kijitabu ukurasa.

"Kumi na tatu sasa?" Kebo aliuliza.

"Kumi na tatu. Na utausoma."

Jumamosi walikwenda yeye na mumewe nyumbani kwa wazee, amebeba mchoro mpya. Mzee aliitungua fremu mwenyewe, wakabadilisha karatasi, wakairudisha kwenye msumari. Maneno ya chini yalikuwa mafupi zaidi: "Miaka 31." Mzee hakuvaa miwani wala hakufuata mstari kwa kidole. Alijua pa kutazama.

Mumewe, ambaye ni fundi seremala na huikagua fremu kabla ya kilichomo, alizigusagusa pembe, kisha akasogeza uso karibu na kioo. "Hapa mwanzoni mstari umekatika. Wino uliwaishia?"

"Wino ulikuwepo," mkewe alisema. "Hapo ndipo ulipozaliwa."

Mume akageuka kumtazama mkewe, halafu baba yake. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, ufunguo wake umening'inia kidoleni, maana saa nane na nusu ilikwisha pita na kilima kilikuwa kinamngoja.

"Saa tisa," mzee alisema. "Au na dakika chache. Siku hiyo sikutazama saa."